Mieleka ya Greko-Romani Marekani: Mto Uliobadili Mkondo

Septemba 2007, mjini Baku, Azerbaijan, Marekani ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu katika mieleka ya Greko-Romani. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla. Katika uzito zote saba hakuna Mmarekani hata mmoja aliyevishwa dhahabu: Brad Vering alipata fedha katika kilo 84, Harry Lester shaba katika kilo 66, Dremiel Byers shaba katika kilo 120, na wenzao wakaongeza pointi kadiri walivyoweza. Haba na haba, kibaba kikajaa, na Urusi ikabaki nyuma.

Mwaka uliofuata, Beijing, Adam Wheeler alipata shaba ya Olimpiki katika kilo 96. Baada ya hapo kukawa kimya. London 2012, Rio 2016, Tokyo, Paris 2024: Olimpiki nne mfululizo, na katika Greko-Romani Marekani haikupata medali hata moja.

Kimya hicho kisingemshangaza mtu kama tungekuwa tunazungumzia nchi isiyojua mieleka. Lakini pale Tokyo Wamarekani waliondoka na medali tisa za mieleka, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote: tano za wanaume wa mtindo huru na nne za wanawake. Mkeka ni uleule, shirikisho la taifa ni lilelile, bendera ni ileile. Upande mmoja ni mavuno, upande wa pili ni ukame. Sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba Wamarekani hawaupendi tu mtindo huu, hainiridhishi. Hawakuupenda hata mwaka 2007, na bado walishinda. Kuna kitu kilibadilika kati ya Baku na London, na nadhani kinaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Kwanza niweke wazi tunazungumzia mchezo gani, kwa sababu wengi wetu neno mieleka limetujia kupitia ile ya televisheni, ya mashujaa wenye mataulo na viti vya chuma. Huu ni mchezo mwingine. Katika Greko-Romani huruhusiwi kumshika mpinzani chini ya kiuno, wala kutumia miguu yako kushambulia au kujikinga. Hakuna kupiga ngwara, hakuna mtama, hakuna kumchota miguu. Kinachobaki ni kifua kwa kifua: kupenyeza mkono chini ya kwapa, kumfunga mikono nyuma ya mgongo, kumng'oa ardhini na kumpitisha juu ya kichwa chako. Jina lake linadanganya kidogo, kwa kuwa mtindo huu haukurithiwa moja kwa moja kutoka kwa Wagiriki wala Warumi wa kale. Ulikomaa Ufaransa katika karne ya 19. Mtindo huru, ambao nao uko Olimpiki, unaruhusu kila kitu hicho pamoja na miguu.

Marekani wana mtindo wa tatu, na hapo ndipo kisa kinapoanzia. Shule za sekondari na vyuo vikuu hucheza mtindo wao wenyewe ambao haupo Olimpiki wala katika mashindano ya dunia. Nitauita mtindo wa shule. Mashindano ya kwanza ya taifa ya vyuo yalifanyika mwaka 1928 huko Ames, jimbo la Iowa, na tangu hapo mtindo huo umekuwa ndiyo mieleka kwa familia ya kawaida ya Kimarekani. Zaidi ya vijana wa kiume 250,000 wanaucheza sekondari kila mwaka. Fainali za vyuo zinajaza kumbi kubwa za mpira wa kikapu. Baba aliucheza, mjomba aliucheza, na kocha wa shule ndiye mwalimu wa somo fulani asubuhi.

Tofauti kati ya mtindo wa shule na Greko-Romani si ya sheria za vitabuni tu, inaingia mwilini. Chukua jambo moja: mgongo. Katika mashindano ya kimataifa, ukielekeza mgongo wako kwenye mkeka hata kwa nukta moja, mpinzani wako amepata pointi mbili. Katika mtindo wa shule unaweza kubingirika mgongoni na kuinuka bila kupoteza kitu, kwa sababu mpinzani hapati chochote mpaka akushikilie hapo na refa ahesabu. Kijana anayecheza hivyo kwa miaka kumi anakuwa na mgongo usioogopa mkeka. Mpeleke mbele ya Mgeorgia au Mwarmenia, na mazoea yaleyale yaliyomwokoa shuleni yanamtoa mashindanoni kabla jasho halijamtoka vizuri.

Au chukua kulala chini. Shuleni, aliye chini anafundishwa kuinuka haraka na kuchomoka, na akichomoka anapata pointi. Katika vyuo, aliye juu anahesabiwa pia muda wa kumkalia mwenzake. Akimzidi kwa dakika moja, anaongezewa pointi. Katika Greko-Romani aliyewekwa chini anajibanza kwenye mkeka kama kigae na kusubiri, huku aliye juu akimkumbatia tumboni ajaribu kumbingirisha au kumnyanyua. Yule anayejaribu kuinuka, kama alivyofundishwa shuleni, anakuwa amempa mpinzani nafasi ya kumfunga mikono.

Na kuna kiuno. Mchezaji anayelinda miguu yake huinama na kurudisha nyonga nyuma. Ni silika nzuri kabisa, na katika mtindo huru inafaa. Greko-Romani inataka kinyume chake: usimame wima, nyonga zikaribie za mpinzani, kifua kiguse kifua. Miguu haina hatari yoyote, lakini mwili uliokwisha kuzoea hauambiwi kwa maneno tu.

Linalonigusa zaidi ni la kurusha. Greko-Romani inatoa pointi tano, nyingi kuliko zote, kwa kumnyanyua mtu na kumtupa kwa tao kubwa hewani. Katika mtindo wa shule, ukimnyanyua mpinzani una wajibu wa kumrudisha chini salama, na ukimbamiza unaadhibiwa. Sheria hiyo ina sababu nzuri, ni ya kuwalinda watoto. Ila maana yake ni kwamba kijana wa Kimarekani hufikisha miaka 18 akiwa amefundishwa kujizuia pale ambapo mwenzake wa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, amefundishwa kuachia.

Hayo yote ni kweli, na makocha wa Marekani huyarudia kila baada ya Olimpiki mbaya. Lakini hayaelezi Baku. Wala hayaelezi Los Angeles 1984, ambako Steve Fraser na Jeff Blatnick walichukua dhahabu za kwanza za Marekani katika mtindo huu. Ni kweli Wasovieti walisusia michezo ile, ila Fraser alimfunga Frank Andersson wa Sweden, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, naye Blatnick alikuwa ametoka kuugua saratani ya tezi za limfu miaka miwili tu kabla. Mwaka 1985 Mike Houck akawa Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Dennis Hall akafuata mwaka 1995. Atlanta 1996 walipata fedha tatu. Sydney 2000 walipata dhahabu, fedha na shaba.

Dhahabu ya Sydney inafahamika hata kwa watu wasiofuatilia mieleka. Rulon Gardner, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Wyoming, alimshinda Aleksandr Karelin 1-0. Karelin alikuwa na dhahabu tatu za Olimpiki na hakuwa amepoteza pambano la kimataifa kwa miaka 13. Mwaka 1997 Karelin huyohuyo alikuwa amemrusha Gardner na kumfunga 5-0. Safari hii, kipindi cha pili kilianza wakiwa wamekumbatiana kwa amri ya refa, kwa sheria kwamba atakayeachia mikono kwanza anapoteza pointi. Mikono ya Karelin ikaachia. Gardner hakumtupa mtu. Alikataa tu kusogezwa. Mimi huliona pambano lile kama ushahidi kwamba mwili uliolelewa na mtindo wa shule una kitu cha kuchangia pia: ubishi, pumzi, uwezo wa kuvumilia kukandamizwa dakika baada ya dakika.

Sasa tazama walikotoka watu hao. Gardner alikuwa mchezaji wa Chuo Kikuu cha Nebraska, na hakuwahi kuwa bingwa wa vyuo. Matt Lindland, mwenye fedha ya Sydney, naye alitoka Nebraska. Vering wa Baku pia ni Nebraska, naye alikuwa bingwa wa vyuo mwaka 2000. Fraser alitoka Michigan, Blatnick alitoka Springfield. Karibu wote walipita katika mtindo wa shule hadi mwisho, wakamaliza chuo, ndipo wakageukia Greko-Romani.

Kwa nini waligeuka? Kwa sehemu kubwa, kwa hesabu. Mmarekani aliyemaliza chuo akiwa wa nne au wa tano nchini katika uzito wake alijua kwamba katika mtindo huru kuna ukuta wa mabingwa mbele yake. Greko-Romani ilikuwa na foleni fupi. Ukikubali kujifunza upya, unaweza kuvaa jezi ya taifa. Mto wa wachezaji wakubwa, wagumu, waliokwisha kupambana mamia ya mara, ulikuwa ukimwagikia huko kila mwaka bila mtu yeyote kuupangia.

Mto huo ndio uliobadili mkondo. Katika miaka ya 2000 na hasa 2010, vyuo vyenye nguvu vilianza kujengewa vituo vya mazoezi vya mikoa: klabu zinazofadhiliwa na wahisani, zikiishi ubavuni mwa timu ya chuo, zikimlipa mchezaji aliyehitimu ili abaki akijifua. Iowa wanayo, Penn State wanayo, na vingine vingi. Kwa mtindo huru vimekuwa neema isiyo kifani. Matunda yake ndiyo yale ya Tokyo. Yule wa nne nchini, ambaye zamani angefunga mizigo yake aende kujaribu Greko-Romani, sasa ana mshahara, ana kocha, ana chumba cha mazoezi anachokijua, na hana sababu ya kuhama.

Na ukiuliza kwa nini vituo hivyo visilipe pia wachezaji wa Greko-Romani, jibu liko katika masilahi ya kocha wa chuo. Mchezaji wa mtindo huru anayelipwa na klabu ndiye mwenzi wa mazoezi wa wanafunzi wake. Anawafundisha kushambulia miguu, anawabana, anawanoa kwa ajili ya Machi, mwezi wa fainali za vyuo. Mtu wa Greko-Romani hana faida kubwa kwa kijana anayetafuta pointi za kuchota miguu. Kocha hamchukii, anajua tu kwamba kazi yake inapimwa Machi, na fedha za wahisani zinaitazama Machi hiyohiyo. Hata msimu wa 2023 ulipopandisha thamani ya kumwangusha mpinzani katika vyuo kutoka pointi mbili hadi tatu, mvuto wa miguu ulizidi kukua.

Juu kabisa kwenye kilele, malipo ni sawa kwa wote. Mfuko wa wahisani wa mieleka ya Marekani hutoa dola 250,000 kwa dhahabu ya Olimpiki, iwe ya mtindo huru au Greko-Romani. Kwa maoni yangu usawa huo haumsaidii sana kijana wa miaka 22. Zawadi ya kileleni haimlipii kodi ya nyumba mtu aliye chini ya mlima akitafuta pa kuweka mguu.

Nani basi anaibeba Greko-Romani huko leo? Zaidi ni jeshi. Kikosi cha wanamichezo wa Jeshi la Nchi Kavu kiko Fort Carson, Colorado, na kikosi cha Marines kina timu yake. Byers, bingwa wa dunia wa 2002 na mwenye shaba ya Baku, alikuwa sajenti. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa mpango huo. Tunajua ni wanariadha wangapi wamekimbia wakiwa na kazi ya polisi, magereza au jeshi. Mshahara wa askari si wa kutajirisha, lakini unakuja kila mwisho wa mwezi, na unampa mtu miaka minane ya utulivu. Nguzo ya pili ni Chuo Kikuu cha Northern Michigan mjini Marquette, kando ya Ziwa Superior, ambako kijana anaweza kusoma huku akicheza Greko-Romani mwaka mzima. Andy Bisek alipita hapo, na alipata shaba za dunia mwaka 2014 na 2015.

Chuo kimoja na kambi za jeshi, katika nchi yenye vyuo vipatavyo 80 vinavyoshindana daraja la juu kwa mtindo wa shule.

Na hata wanaopatikana hawakai. G'Angelo Hancock, aliyeenda Olimpiki ya Tokyo, alihamia mieleka ya burudani ya WWE. Joe Warren, bingwa wa dunia wa 2006, alienda kwenye mapigano ya mchanganyiko (MMA). Dan Henderson na Randy Couture walishatangulia. Kumbana mtu kifuani na kumpeleka ukutani ni ujuzi unaolipa vizuri ndani ya uzio, na siwezi kumlaumu mwanamume mwenye watoto anayekwenda kuuza alichonacho pale panapolipa. Juu ya hayo nafasi zenyewe zimepungua: Sydney kulikuwa na uzito nane za Greko-Romani, tangu Rio ni sita.

Wapo wanaosema nchi inayopenda mtindo mwingine haiwezi kugeuzwa. Hawa nawaelekeza Iran. Iran ni nchi ya mtindo huru kuliko hata Marekani. Shujaa wao mkubwa, Gholamreza Takhti, alikuwa mtu wa mtindo huru, na hadi London 2012 Iran haikuwa na dhahabu hata moja ya Olimpiki katika Greko-Romani. London walichukua tatu kwa mkupuo: Hamid Sourian, Omid Norouzi na Ghasem Rezaei, chini ya kocha Mohammad Bana. Mwaka 2014 wakawa mabingwa wa dunia wa timu. Paris 2024 walirudi na dhahabu mbili, fedha moja na shaba moja.

Hawakuwanyang'anya watu wa mtindo huru wachezaji wao. Ukitazama wanakotoka wachezaji wengi wa Greko-Romani wa Iran utakuta jina la Khuzestan, mkoa wa kusini-magharibi, likijirudia. Huko Greko-Romani ndiyo mieleka, na mtoto hukutana nayo kabla hajafikiria kitu kingine. Nchi nzima haikuhitaji kubadilika. Ilitosha baadhi ya mikoa kuwa na hamu, ligi ya kulipa mishahara, na kocha aliyeachwa afanye kazi yake kwa miaka.

Ushahidi wa pili uko Marekani kwenyewe, kwa wanawake. Mieleka ya wanawake ya vyuo ilipoanza kukua haikurithi mtindo wa shule. Ilichagua kanuni za mtindo huru, zilezile za Olimpiki. Binti anayejifunza chuoni anajifunza kitu atakachokitumia duniani. Paris, Sarah Hildebrandt na Amit Elor walirudi na dhahabu, Kennedy Blades na fedha, Helen Maroulis na shaba. Sisemi kanuni pekee ndizo zilizowapa medali hizo. Nasema hawakulazimika kujifunza upya wakiwa na miaka 23.

Ndiyo maana naona juhudi za kuwabembeleza mabingwa wa vyuo wajaribu Greko-Romani ni kupiga teke maji. Bingwa wa vyuo ana kila sababu ya kubaki alipo. Wala vyuo havitaacha mtindo wao wa karibu miaka 100 kwa ajili ya medali ambayo mashabiki wao hawaifuatilii. Wa kutafutwa ni yule ambaye chuo hakimtaki, na wapo wengi mno: kati ya vijana 250,000 wa sekondari, wanaopata nafasi daraja la juu ni wachache sana. Miongoni mwa wanaoachwa kuna warefu wenye migongo mirefu isiyofaa kuchuchumaa, wenye mikono mizito, wenye kifua kipana na miguu mizito ya kukimbilia. Mtindo wa shule unawaona wabovu. Greko-Romani ingewaona kama malighafi.

Mahali pa kuwapata panajulikana. Kila Julai, kwa miaka mingi sasa, maelfu ya vijana hukusanyika Fargo, North Dakota, kwa mashindano ya taifa ya mtindo huru na Greko-Romani. Minnesota, Wisconsin na Illinois huleta watoto wanaojua kurusha. Kwa siku chache ukumbi unajaa watu wanaotupana hewani na makocha wanaopiga kelele kwa furaha. Kisha Novemba inafika, msimu wa shule unaanza, na ujuzi wote wa Julai unawekwa kabatini hadi Aprili. Akifika miaka 18 anakwenda chuo, na kabati halifunguliwi tena.

Michezo ya 2028 iko Los Angeles, mji uleule wa Fraser na Blatnick, na kwa hiyo nina hakika kutakuwa na fedha za haraka na kambi za dharura. Kama ningepewa sauti katika matumizi ya fedha hizo, nisingeanza na kambi. Ningewalipa watu wawili, kocha mmoja wa Marquette na sajenti mmoja wa Fort Carson, waweke meza karibu na mlango wa kutokea ukumbini Fargo siku ya mwisho ya Greko-Romani. Mezani pawe na mkataba wa miaka sita: mahali pa kulala, masomo au cheo cha jeshi, na safari mbili kila mwaka za kwenda kujifua Ulaya Mashariki na Kaukazi. Waacheni mabingwa wapite, kwa kuwa vyuo vimeshawapigia simu. Wamsubiri aliyeshika nafasi ya sita, anayetoka na begi lake begani akimtafuta baba yake kwenye maegesho.